Sura ya Tano: Thumni ya Sanduku

Nyumba hugawika. Shamba la minazi hugawika pia, hata kama ni kwa kuhesabu mnazi mmoja mmoja. Kadhi akishakaa na karatasi yake, mjane akapewa thumni kwa kuwa marehemu ameacha watoto, mama mzazi akapewa sudusi, mtoto wa kiume akapata mafungu mawili kwa fungu moja la dada yake, hesabu hufunga na watu hutia saini. Ugomvi haupo hapo. Ugomvi huja baadaye, arobaini imeshapita na majamvi yamekunjwa, pale mmoja wao anapouliza kama mtu asiye na neno: "Na lile sanduku la bibi, linakwenda kwa nani?"

Nimekaa katika vikao vya namna hiyo, Tanga na Mombasa, nikaona watu wazima waliokubaliana juu ya ghorofa nzima wakinuniana kwa sababu ya mrashi wa fedha uliopinda shingo. Shangazi aliyenyamaza tangu asubuhi akasema, "Mie sitaki kitu, nipeni lile birika tu," na kila aliyekuwepo akajua kwamba ametaka kila kitu. Mkwe akiangalia kwa pembeni huona ulafi. Lakini mlafi angegombania kiwanja. Lile birika linavuja.

Husemwa kwamba vitu vya kale vinapendwa kwa kuwa vinatukumbusha waliotangulia. Ni kweli, ila picha nazo hukumbusha, na sijaona ndugu wakivunjiana heshima kwa ajili ya picha siku hizi ambapo kila mtu ana nakala yake kwenye simu. Kitu cha kale kinachokaa nyumbani kina tabia ambayo picha haina: kinadai. Kinadai nafasi katika chumba ambacho tayari kimebana. Kinadai kusuguliwa, kufukizwa, kuepushwa na mchwa. Kinadai mtu wa kukieleza mgeni akiuliza. Anayekichukua hachukui mali tu, anashika pia kiti cha marehemu katika ukoo, na kiti hicho hakina thumni wala sudusi.

Sanduku ndilo linaloleta fitina kuliko vyote, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Wenye maduka ya Mji Mkongwe huwauzia watalii masanduku ya njumu kwa jina la Zanzibar, lakini mengi ya yale ya zamani hayakuanzia Unguja. Yalitengenezwa Surat, Bombay na pwani ya Malabar, kwa msaji na miti mingine migumu ya huko, yakaja kwa majahazi na upepo wa Kaskazi unaovuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi hivi. Mengine yalipitia kwanza bandari za Ghuba. Baharia alikuwa na haki ya kubeba biashara yake ndogo chomboni, na sanduku lilimfaa mara mbili: alitia bidhaa ndani, akafika akauza bidhaa, kisha akauza na sanduku. Baadaye mafundi wa Lamu na Unguja wakayatengeneza wenyewe, na leo kupambanua lipi lilivuka bahari na lipi halikuvuka ni kazi ya mtu mwenye jicho kweli.

Jicho hilo haliangalii mbele. Mbele ndiko kwenye urembo, vipande vya shaba vilivyokatwa kwa nakshi na safu za misumari, na urembo unaweza kupigiliwa jana. Ligeuze uone mgongo na kitako. Mbao za nyuma hazikupigwa msasa wala rangi. Hapo utaona kama zilipasuliwa kwa msumeno wa mkono ulioacha mistari isiyofuatana, na kama zimekauka mpaka zimeachana kidogo kwenye maungio. Rudi mbele sasa, utazame misumari kwa karibu. Fundi wa zamani aliipigilia mmoja mmoja kwa kukisia, kwa hiyo ukipitisha kidole juu ya safu utahisi mmoja umezama, mwingine umejitokeza, na mahali fulani safu imepinda kwa sababu fundi alifika pembeni akakuta nafasi haitoshi. Kisha fungua. Ubavuni mwa ndani, juu, kuna kijisanduku chenye kifuniko chake, na katika mengi kuna kibao chini yake kinachoinuka au kuteleza, na nyuma ya kibao kuna vidroo visivyoonekana. Wapo watu waliorithi sanduku wakaishi nalo maisha yao yote bila kujua kibao kile kinateleza.

Na ndani mna nini? Hapa ndipo sanduku linapoachana na fenicha nyingine zote. Juu kabisa kuna doti za kanga ambazo hazijavaliwa, zimekunjwa bado na mkunjo wa dukani. Chini yake kuna hati ya nyumba, cheti cha ndoa, pengine sarafu za rupia, ambazo Unguja zilitumika hadi mwisho wa 1935 kabla ya kuingia shilingi. Chini ya hayo kuna nguo ya mtoto ambaye hakuna anayemtaja. Na chini kabisa, kwa mabibi wengi wa pwani, kulikuwa na sanda. Walijinunulia wenyewe, wakaifunga pamoja na pamba, ubani na karafuu maiti, wakaiweka tayari ili watoto wasije wakahangaika siku hiyo. Mjukuu aliyetumwa kuleta kanga alijua asikiguse kile kifurushi cheupe, na alijua bila kuambiwa kwa nini.

Fikiria basi harufu inayotoka pale kifuniko kinapoinuliwa: udi wa harusi, dawa ya nondo, na karafuu maiti, zote zimelala pamoja miaka arobaini. Aliyekulia karibu na sanduku la namna hiyo akikutana na harufu ile sokoni hupatwa na furaha na hofu kwa wakati mmoja. Sidhani kama kuna jina la hisia hiyo, wala silitafuti. Ninachosema ni kwamba huwezi kuipata kwa kununua sanduku dukani, hata likiwa la zamani kuliko la bibi yako. La dukani limefunguliwa na kila mpita njia. La bibi lilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo ulifungwa pindoni mwa leso, na leso haikutoka kiunoni.

Sahani ni habari nyingine. Sanduku huficha, sahani huonyesha.

Ingia katika nyumba ya mawe ya Lamu, zile za karne ya 18 ambazo zimeufanya mji ule uingizwe na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Unapita daka la mlangoni, unaingia kiwandani, yaani uani, kisha misana miwili, kumbi zinazofuatana, na kila hatua unapanda kidogo na mwanga unapungua kidogo. Mwisho kabisa ni ndani. Huko, ukuta mzima mbele yako umejaa zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyochongwa safu juu ya safu, na katika kila kishubaka palikaa bakuli au sahani ya kauri kutoka China. Mtu wa nje huuliza kwa nini vitu vya thamani hivyo viliwekwa mbali na macho ya wageni. Jibu lake ni kwamba chumba hicho ndimo watu walimozaliwa na karibu nacho ndiko maiti walikooshwa, na kauri haikuwa pambo tu. Iliaminiwa kwamba inakinga jicho la hasidi: shari ikija, sahani ndiyo inayopasuka na mtu akasalimika. Mama akisikia kishindo usiku na asubuhi akakuta vigae sakafuni alisikitikia sahani yake na papo hapo akamshukuru Mungu.

Pwani yote ilikuwa na mapenzi haya. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, na Mambrui, karibu na Malindi, makaburi ya nguzo yalipachikwa bakuli za Kichina, na pale zilipong'olewa na wezi yamebaki mashimo ya duara. Mwanaakiolojia Mortimer Wheeler alipotembea kutoka Dar es Salaam hadi visiwa vya Kilwa mwaka 1955 alisema hajapata kuona vigae vingi kiasi hicho maishani mwake, na kwamba historia ya Tanganyika iliyofukiwa ardhini imeandikwa kwa kauri ya Kichina. Naye Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alipotaka tuone jinsi Pate ilivyokufa alitupeleka kwenye vidaka hivyohivyo na kutuonyesha ndege wamejenga humo. Aliwaandikia watu waliojua sahani ile ilikuwa na kazi gani, ndiyo maana picha ile iliwauma.

Lakini tusijidanganye. Sahani nyingi zilizobaki kwenye makabati ya mabibi zetu si za China. Zigeuze. Kitakoni utakuta muhuri uliofifia wa kiumbe mwenye kichwa cha mtu na mwili wa simba, na chini yake neno Maastricht. Hiyo ni kazi ya kiwanda cha Petrus Regout cha Uholanzi, kilichoanza katika miaka ya 1830 na baadaye kikamwaga Afrika Mashariki bakuli za maua mekundu, ya kijani na ya buluu. Zililiwa mchuzi, zilinywewa uji, zilipokelewa harusini. Mchuuzi wa vitu vya kale akija na kumwambia bibi kwamba bakuli yake si ya Kichina na kwa hiyo haina thamani, bibi hucheka tu. Yeye alishaijua thamani yake siku alipoitoa kwa jirani ikiwa na pilau, ikarudi na halua. Bakuli haikurudishwa tupu hata mara moja. Huo ndio uliokuwa utaratibu, na ndio uliofanya chombo cha kiwandani kutoka Ulaya kiwe chetu.

Naja kwenye kiti, na hapa naomba msomaji wa pwani anivumilie.

Kiti cha enzi ni kitu kizuri. Kimechongwa kwa mpingo, mgongo wake mrefu na wa mraba, kimesukwa kwa kamba nyembamba pale pa kukalia na pa kuegemea, na vipande vya pembe za ndovu vimepachikwa kwenye mbao kwa ustadi. Mbele kina pa kuwekea miguu. Mafundi wa Siyu, Pate na Lamu walikitengeneza kiweze kukongolewa na kuunganishwa tena, kwa hiyo kilisafiri. Mwenye nyumba mwenyewe hakukikalia ovyo. Kilimsubiri sheikh, kadhi, bwana harusi. Nyumba yenye viti viwili vya enzi ilikuwa inasema jambo, kama ambavyo mji wenye siwa, lile baragumu la enzi, ulikuwa unasema jambo. Siwa ya pembe ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu zimo leo katika jumba la makumbusho la Lamu, na mtu akizitazama haoni sababu ya kuuliza nani alikuwa mkubwa.

Lakini pembe ile ililetwa pwani na mabega ya watu. Na mpingo ule ulisuguliwa kila Ijumaa na mikono ambayo haikuwa na ruhusa ya kukaa juu yake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922. Si zamani sana. Katika mtaa mmoja leo utakuta nyumba mbili zinazotazamana: moja ina kiti, nyingine ina mjukuu wa aliyekisugua. Wote wawili ni watu wa mji, wanaswali msikiti mmoja, pengine wameshaoana. Mwenye kiti akimkaribisha jirani na kuanza kueleza ukoo wake kwa kuanzia kwenye kiti, jirani hunyamaza. Kunyamaza huko nako kunaletwa na kitu cha kale, na vitabu vya picha vya nyumba za Waswahili, vilivyojaa viti na zidaka, havina ukurasa wake.

Jirani yule si kwamba hana urithi. Wake umekunjwa. Mwanamke aliyevaa merikani na kaniki kwa kuwa ndiyo aliyopewa, alipopata hela yake mwenyewe alinunua kanga, na hakununua moja. Kanga ilikuwa ndiyo kwanza imeshika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, na hakuna vazi lililomwambia mtu wazi zaidi kwamba wewe sasa ni mwungwana kama wengine. Za mwanzo ziliandikwa jina kwa herufi za Kiarabu, nyingine hazikuwa na jina kabisa. Herufi za Kirumi zilikuja baadaye. Mombasa utasikia wakitaja Mali ya Abdulla, duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanzishwa 1887, na mama wa makamo anaweza kukuambia kwa kugusa pindo kama doti ni ya huko au ni ya kuigiza.

Kanga kuukuu ya nyanya haiwezi kushindana na kiti cha enzi mnadani. Imechakaa, katikati unaona mwanga. Lakini imembeba mtoto mgongoni, imefungwa kichwani msibani, imetandikwa mgonjwa, imefunika sahani ya futari, na maneno yake yalichaguliwa kumjibu mtu fulani ambaye jina lake familia nzima inalijua. Nikiambiwa nichague kimoja kati ya hivyo viwili kujua watu wa nyumba ile waliishije, sitakipa kiti nafasi.

Kwa upande wa kiti, dunia imekwisha kuamua. Mwaka 1989 nchi za mkataba wa CITES zilikubaliana kusitisha biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, kwa hiyo mwenye kiti cha urithi anayehamia ng'ambo atakutana na maswali mazito uwanja wa ndege, na ni haki yake akutane nayo. Tanzania Bara ilishakuwa na Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964. Sheria hiyo inalinda hata milango na miimo iliyonakshiwa kabla ya 1940, na vitu kama hivyo havitoki nchini bila kibali. Hata hivyo nenda kwenye ukumbi wa hoteli yoyote ya fahari kuanzia Watamu hadi Nungwi. Mlango umekuwa meza ya kahawa. Sanduku limekuwa stendi ya televisheni. Kitanda cha samadari kimekuwa benchi la kusubiria teksi. Vitu hivyo havidai tena chochote, kuna mtu anayelipwa kuvifuta vumbi, na mgeni anapovipiga picha havimuulizi yeye ni mtoto wa nani.

Wanaouza siwalaumu kwa wepesi. Aliyeuza mlango wa babu yake mara nyingi aliuza wakati paa limeingia maji, na mlango hauwezi kulala chini ya mvua. Wengine hawakuuza wala hawakurithi: mapinduzi ya Januari 1964 yalitawanya familia nyingi za Unguja kwa siku chache, na mtu anayekimbia habebi sanduku la msaji. Katika nyumba za Muscat ambako jikoni bado kunazungumzwa Kiswahili, kitu cha kale kinachoenziwa kinaweza kuwa mbuzi ya nazi, iliyobebwa au kuagizwa baadaye, na kinanyooshewa kidole kwa upendo katika nchi ya tende.

Makumbusho nayo tusiyategemee yatusaidie kila kitu. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 na ambalo kwa miaka mingi lilihifadhi vitu vya Waswahili chini ya paa moja, liliporomoka sehemu mwezi wa Desemba 2020. Vilivyokuwa katika makabati ya watu mitaani siku hiyo vilikuwa salama zaidi.

Kuna watu wa pwani hiihii ambao wameshika njia tofauti kabisa, nao ni Wamijikenda. Kigango, lile gogo lililochongwa na kusimamishwa kwa ajili ya mzee wa chama cha Gohu aliyefariki, hakiguswi wala hakihamishwi. Boma likihama, kigango kinaachwa palepale kioze na mvua, na huko waendako husimamishwa kijiti kidogo, kibao, cha kumwambia marehemu kwamba hawajamsahau. Mtu anayekinunua kigango na kukiweka sebuleni Ulaya kwa kukihurumia kisiharibike amekiharibu tayari. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alipiga picha vigango viwili vya familia moja ya Kilifi. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Vilikuja kuonekana katika makusanyo ya makumbusho mawili ya Marekani, na mwaka 2007 vikakabidhiwa nyumbani. Miaka yote hiyo watu wa boma lile walihesabu misiba yao na kuifungamanisha na kutoweka kwa wazee wao. Hawakuwa wakikumbuka yaliyopita tu. Walikuwa wakidaiwa, na chombo cha kulipia deni kilikuwa ndani ya kabati la kioo ng'ambo.

Bara nako kuna vyao, nami nitataja kimoja tu kwa sababu kimo katika nyumba nyingi kuliko kiti chochote: cherehani ya Singer ya kanyagio. Ubavuni au kwenye kitako chake imegongwa namba inayoanza na herufi, na kwa namba hiyo unaweza kujua mwaka ilipotengenezwa. Nimewaona watu wakishangaa kwamba cherehani ya mama ina umri mkubwa kuliko nchi yao. Uzuri wake ni kwamba bado inashona. Nyumba zilizosomeshwa na cherehani hiyo, kwa gauni za shule na mapazia ya majirani, huijua kwa sauti kabla ya kuiona, na mtoto aliyesomeshwa nayo akija likizo huifungua akatia mafuta bila kuombwa, hata kama yeye mwenyewe hajui kushona kifungo.

Sasa la kufanya, kwa ufupi, maana wengi huniuliza. Shaba isugueni kwa ukwaju au ndimu na kitambaa laini, halafu ioshwe ikaushwe palepale. Msiisugue kila wiki, nakshi ya juujuu hulika ikaisha. Rangi ya dhahabu ya dukani msiitie kabisa. Sanduku lisigusane na sakafu wala na ukuta wenye unyevu, liwekeni juu ya vigingi mchwa aonekane akipanda. Kanga za zamani zitoeni mara moja kwa mwaka, zikunjwe upya kwa mkunjo mwingine, kwa sababu hukatika pale zilipokunjwa siku zote. Sahani iliyopasuka ikiunganishwa kwa gundi isirudi kwenye chakula. Na andikeni: kilikuwa cha nani, kilinunuliwa wapi, nani alikitengeneza kilipovunjika, kipande kipi si cha asili. Ulizeni wazee wakiwa wazima wa afya na wenye mzaha, si hospitalini.

Kuhusu kugawana, suluhisho moja nimeliona likifanya kazi, na halikutoka kwa kadhi wala kwa wakili. Ndugu wanne walirithi sinia moja kubwa la shaba ambalo mama yao alipakulia wali wa Idi. Kila mmoja alilitaka. Dada mkubwa akaamua lisiwe la mtu: linakaa mwaka mmoja kwa kila mmoja, na mwenye sinia ndiye anayewapikia wote Idi hiyo, kwa gharama yake, awe na hali nzuri au mbaya. Katika mwaka wa pili tu mmoja wao aliuliza kama zamu yake inaweza kurukwa. Haikurukwa. Sasa hivi liko Dodoma, kwa kitinda mimba wa kiume, aliyepanga nyumba yenye jiko dogo, na malalamiko yake kwenye kikundi cha familia ni kwamba haliingii kwenye sinki na mkewe analioshea bafuni.